Edoardo Weber: mwenye kabureta aliyetoweka Bologna

Yeyote aliyewahi kufungua boneti ya Alfa Romeo ya miaka ya 1960, au Lotus ya wakati huo, amelisoma jina Weber juu ya kabureta. Wengi hudhani ni jina la kampuni tu, lililobuniwa mezani ili bidhaa iuzike. Sivyo. Weber alikuwa mtu, jina lake la kwanza Edoardo, na hadi leo hana kaburi linalojulikana.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Baadhi ya wenzetu waliotulia kimaisha huko Ghuba, Uingereza na Marekani wameshikwa na mapenzi ya magari ya spoti ya zamani. Mtu ananunua MGB au Alfa iliyochakaa, kisha anaanza kutafuta kabureta za kulala, zile zinazovuta hewa kwa ubavuni. Bei zake hazichekeshi, na sokoni kumejaa mabovu, yaliyounganishwa kwa vipande na ya kuigiza. Sababu ya pili ni kwamba ukiyajua maisha ya Weber, nusu ya maswali ya mnunuzi huyo yanajibika. Bwana huyu hakuanza kwa kutafuta mbio. Alianza kwa kubana petroli.

Alizaliwa Torino, kaskazini ya Italia, tarehe 29 Novemba 1889. Baba yake alikuwa Mswisi, ndiyo maana ya jina lenye sura ya Kijerumani, na mama yake alikuwa mwenyeji wa mkoa wa Piemonte. Kuzaliwa Torino mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na bahati yake, kwani kampuni ya Fiat ilianzishwa katika mji huo mwaka 1899, yeye akiwa na umri wa miaka 9. Alikua pamoja na gari. Alisomea mambo ya mitambo, akaingia Fiat, na mwaka 1914 akahamia Bologna kufanya kazi katika tawi la kampuni hiyo. Hakurudi tena kuishi Torino. Bologna ndiyo iliyomfanya, na ndiyo iliyommaliza.

Mji huo unajulikana zaidi kwa chuo kikuu chake, ambacho huhesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote Ulaya. Lakini ni mji wa mafundi pia. Ndugu wa Maserati walifungua karakana yao hapo mwaka huohuo wa 1914, na alama ya mkuki wa ncha tatu iliyo mbele ya magari yao imetokana na sanamu ya Neptune iliyoko katikati ya Bologna. Ducati nayo ilianza hapo mwaka 1926. Kijana mwenye mikono na akili hakukosa wa kushindana naye.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Italia ilikuwa upande wa washindi lakini mfukoni ilikuwa kama iliyoshindwa. Petroli ilikuwa ghali mno. Mwenye lori alifanya hesabu kila asubuhi kama safari italipa au itamla. Weber akaliona pengo hilo. Alitengeneza vifaa vya kuyawezesha malori yaende kwa mafuta ya bei nafuu, ya jamii ya mafuta ya taa, badala ya petroli. Haikuwa kazi ya kumpa mtu jina magazetini, lakini ilimpa riziki na ikamfundisha jambo moja: injini hutupa nje kiasi kikubwa cha mafuta yasiyochomwa vizuri, na anayetupa ni kabureta.

Hapo tusimame kidogo, maana vijana waliozaliwa na magari ya sindano za kompyuta huenda hawajawahi kuigusa. Kabureta ni mahali petroli inapokutana na hewa. Pistoni inaposhuka huvuta hewa kupitia koo la kabureta. Ndani ya koo hilo kuna sehemu iliyobanwa, iitwayo venturi. Hewa ikifika hapo huongeza mwendo, na mgandamizo wake hushuka, kama maji ya mto yanapoingia kwenye mlango mwembamba wa mawe. Kushuka huko ndiko kunakoinyonya petroli kutoka kwenye bakuli la pembeni kupitia jeti, yaani kipande kidogo cha shaba chenye tundu lililopimwa. Hewa ikipita polepole, petroli inanyonywa kidogo na vibaya, na inaingia kwa matone mazito badala ya ukungu. Kwa hiyo koo jembamba hufanya kazi vizuri gari likienda taratibu, lakini huinyima injini pumzi ikitaka kukimbia. Koo pana linatoa pumzi wakati wa mbio, lakini mjini gari linakohoa na kula mafuta bure.

Huo ulikuwa mtego wa miaka mingi, na kila mtengenezaji alichagua upande mmoja akavumilia hasara ya upande wa pili. Weber alikataa kuchagua. Alitengeneza kabureta yenye makoo mawili katika bodi moja, yakinywa kwenye bakuli moja. La kwanza dogo, kwa ajili ya mwendo wa kawaida. La pili kubwa zaidi, nalo hubaki limefungwa mpaka dereva akanyage mafuta kwa nguvu. Ukienda kwa adabu unatumia koo dogo na fedha yako inabaki mfukoni. Ukitaka kupanda mlima au kumpita mtu, la pili linafunguka. Mpango huo wa kufunguka kwa zamu ulikuja kutumika duniani kote, na mamilioni ya watu waliendesha magari yenye kabureta za aina hiyo bila kujua ulikopata nguvu.

Gari alilolilenga kwanza lilikuwa Fiat 501. Lilitengenezwa kati ya 1919 na 1926, lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,460 na nguvu za farasi 23 tu. Lilikuwa gari la wananchi wa kati, gumu na la kuaminika, lakini zito kuondoka. Weber aliuza vifaa vya kulibadilisha, kabureta yake ikiwa kiini. Yeye mwenyewe aliendesha Fiat mashindanoni mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kwa mfanyabiashara wa vifaa vya magari hakuna tangazo zuri kuliko kuonekana barabarani ukiwa na mali yako mwenyewe. Mwaka 1923 akaanzisha kiwanda chake Bologna, akakipa jina la Fabbrica Italiana Carburatori Weber, yaani Kiwanda cha Kiitalia cha Kabureta cha Weber.

Miaka ya 1930 ndiyo iliyomtoa kwa wenye malori ikampeleka kwa wenye mbio. Kwenye mashindano hakuna anayeuliza bei ya petroli, kinachotakiwa ni kila silinda ipate pumzi yake kamili bila kugombania na jirani. Weber akachukua wazo lake la makoo mawili akaligeuza: badala ya moja dogo na moja kubwa, akayafanya yalingane na yafunguke kwa pamoja, kila koo likilisha silinda yake. Maserati walizitumia. Alfa Romeo walizitumia. Ilikuwa enzi ya magari ya mashindano yenye vipuliza hewa vikubwa, na kabureta za Weber ndizo zilizoandaa mchanganyiko kabla haujasukumwa ndani. Kilomita 40 hivi kutoka kiwandani kwake, mjini Modena, Enzo Ferrari alikuwa akiendesha timu ya mashindano ya Alfa Romeo, na mahusiano yaliyojengwa kati ya miji hiyo miwili yalidumu kuliko serikali iliyokuwapo.

Nayo serikali hiyo ilikuwa ya Mussolini. Hapa mwandishi wa maisha ya mtu inabidi aende taratibu. Mwenye kiwanda katika Italia ya miaka ya 1930, mwenye zabuni na wafanyakazi, hakuweza kuishi mbali na dola ya Kifashisti hata kama angetaka, na Weber hahesabiwi miongoni mwa waliotaka. Alionekana kuwa mtu wa upande ule. Alipata heshima na kazi, na biashara ikakua hadi akajenga kiwanda kikubwa zaidi mjini humo, kilichofunguliwa mwaka 1940. Ni mwaka uleule Italia ilipoingia vitani.

Yaliyofuata yaliinyoosha Bologna chini. Ni njia panda ya reli, kwa hiyo ndege za Washirika ziliipiga mara kwa mara. Italia ilijisalimisha Septemba 1943, Wajerumani wakaishika kaskazini yote, na Mussolini akarudishwa kama kibaraka wao. Milimani wakajikusanya wapiganaji wa msituni. Kusini ya mji, katika vijiji vya Marzabotto na jirani zake, wanajeshi wa Kijerumani wa SS waliwaua mamia ya raia kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 1944, wengi wao wanawake, wazee na watoto. Mjini kwenyewe wapiganaji waliokamatwa walipigwa risasi hadharani, kwenye ukuta wa jengo linalotazamana na ile sanamu ya Neptune. Bologna ilipokombolewa tarehe 21 Aprili 1945, wanajeshi wa Poland wakiwa wa mbele kuingia, watu walikwenda kwenye ukuta huo na picha za ndugu zao wakazibandika. Picha hizo zipo mpaka leo, nyuma ya vioo, na majina yanapita 2,000.

Kwa hasira ya namna hiyo, wiki zilizofuata hazikuwa za sheria. Katika mkoa wa Emilia watu walichukuliwa majumbani na maofisini kwa sababu walikuwa Wafashisti, au walidhaniwa, au walikuwa na mali, au mtu fulani alikuwa na deni nao. Tarehe 17 Mei 1945, siku 26 baada ya ukombozi, Edoardo Weber alichukuliwa. Hakurudi. Alikuwa na miaka 55. Inaaminika na wengi kuwa aliuawa na wapiganaji wa msituni kwa ajili ya siasa yake, lakini mwili haukupatikana. Mwaka uliofuata, Juni 1946, serikali ilitoa msamaha mpana kwa makosa ya kisiasa ya pande zote, na taifa likaamua kusonga mbele.

Sisi tuliotoka nchi ambako gari limewahi kusimama mlangoni, mtu akaingizwa na asionekane tena, hatuhitaji kufafanuliwa hali ya nyumba inayobaki. Wala sioni ajabu kuisema kwa mtu ambaye siasa yake siipendi. Aliyeshirikiana na wadhalimu alistahili mahakama, mashtaka yasomwe na ajibu. Kumtoweshea mtu mwili ni adhabu inayowaangukia mkewe na wanawe.

Baada ya kutoweka kwake, Fiat ilichukua uongozi wa kampuni. Jina halikubadilishwa. Ferrari ya kwanza kabisa, 125 S ya mwaka 1947, ilitoka na kabureta tatu za Weber juu ya injini yake ya silinda 12. Maserati 250F, ambayo Juan Manuel Fangio alitwaa nayo ubingwa wa dunia mwaka 1957, ilikuwa na tatu. Jaguar iliyoshinda Le Mans mwaka 1955 ilikuwa nazo tatu, za kulala. Na katika miaka hiyo ya 1950 ndipo ilipotoka ile ambayo watu leo wakisema Weber huimaanisha: DCOE. Herufi tatu za mwanzo ni Kiitalia, na maana yake ni bodi yenye makoo mawili, ya kulala. Ya mwisho ni ya toleo. Mwenye jina hakuiona.

Kwa nini kulala? Kabureta ya kusimama hukaa juu ya injini na hewa huingia kutoka juu kwenda chini, kisha inapinda kuelekea kwenye vali. Ile ya kulala imefungwa ubavuni, na hewa huingia moja kwa moja hadi kwenye vali bila kona kali. Injini pia inaweza kukaa chini ya boneti fupi, jambo ambalo mchoraji wa gari la spoti hulipenda. Mbili za DCOE kwenye injini ya silinda nne, kila silinda na koo lake, ndiyo sura iliyowafanya vijana wa miaka ya 1960 wakose usingizi. Watu wa nyumbani wanaikumbuka bila kujua: Ford Escort RS1600, aliyoshinda nayo Hannu Mikkola Safari Rally ya 1972 katika barabara za Afrika Mashariki, ilitoka kiwandani na injini iliyopumulia kabureta mbili za namna hiyo.

Sasa tuje kwa mnunuzi wetu.

La kwanza ni kujua ulichonacho mkononi, kwani si kila kabureta ya kulala ni Weber. Magari mengi ya Kiingereza yalitoka na SU: MGB ilikuwa nazo mbili, Jaguar E-type tatu. Hizo utazijua kwa kichwa chake kilichoinuka kama kengele, ambamo pistoni ndogo hupanda na kushuka kuibadilisha venturi yenyewe. Stromberg hufanana nazo kwa kazi, ila kichwani ina kiwambo cha mpira. Dell'Orto ya Italia, aina ya DHLA, ni ndugu wa karibu wa DCOE kwa umbo na hufanya kazi vizuri sawasawa, na jina lake limeandikwa kwenye bodi. Za Kijapani ni Mikuni, zilizotengenezwa kwa kibali cha Solex. Kama gari lako lilikuja na SU zinazofanya kazi, fikiri mara mbili kabla ya kuzing'oa. SU ikisafishwa vizuri ni mtumishi mwaminifu, na wengi huibadilisha kwa sababu ya uzuri wa picha tu.

Ukishaona ni DCOE, tafuta namba iliyogongwa kwenye mfuniko wa juu, karibu na kile kifuniko cha mviringo chenye nati ya masikio. Utasoma kwa mfano 40 DCOE 18, au 45 DCOE 9. Namba ya mbele ni kipenyo cha koo kwa milimita, pale kilango kinapofunga. Namba ya nyuma ndiyo wauzaji huipuuza, nayo ina uzito. Inaeleza toleo, na matoleo hutofautiana mambo ya ndani yasiyobadilishwa kwa bisibisi, hasa idadi na mahali pa vile vitundu vidogo ambavyo injini huvipumulia inapotoka kwenye silensa kabla jeti kubwa hazijaanza kazi. Lotus Elan ilikuwa na toleo la 18, baadaye 31. Ukifunga toleo moja upande huu na jingine upande wa pili, silinda mbili zitaondoka vizuri na mbili zitamisi, nawe utamlaumu fundi miezi sita bila kosa lake. Nunua jozi ya namba moja.

Mfuniko nao ni skrubu chache tu, huweza kuhamishwa. Nimeona jozi ikiuzwa kama 45 na ndani ni 40. Nenda na kalipa, pima koo upande wa injini. Kisha shika ncha ya shafti ya vilango uitikise juu na chini. Ikicheza, hewa ya wizi itaingia na silensa haitatulia kamwe. Fungua mfuniko utazame bakuli: ukikuta unga mweupe, petroli ilikaa humo miaka na vijia vya ndani huenda vimeliwa. Nyingi za zamani zina maandishi ya mji wa Bologna kwenye bodi, na baadhi zina jina la Edoardo kamili. Tangu mwaka 1992 uzalishaji ulihamishiwa Hispania, na hizo ni Weber halali kabisa, usizikimbie. Za kuogopa ni za kuigiza, ambazo kwa mbali huzitofautishi, lakini jeti zake hazina kipimo kinacholingana hata zenyewe kwa zenyewe. Nusu ya bei halisi kwa kitu kipya ndani ya boksi ni dalili ya kutosha.

La pili ni ukubwa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu ana injini ya 1,600, anasikia 45 ni kubwa kuliko 40, ananunua 45. Tamaa mbele, mauti nyuma. Gari linaondoka kwa kukohoa, linanusa petroli, linapata nguvu karibu na mwisho wa mzunguko wa injini ambako hafiki hata mara moja kwa wiki. Yale maelezo ya koo pana na koo jembamba hapo juu hayakufutwa na mashindano.

Tena namba ya mbele si kitu kinachoamua. Ndani ya koo la DCOE venturi huchomoka, na ndiyo inayopaswa kulingana na injini. Kwa silinda nne zenye jumla ya 1,600, na kilele cha nguvu karibu mizunguko 6,000 kwa dakika, venturi ya milimita 32 au 33 ndani ya bodi ya 40 inatosha sana. Kwa injini ya 2,000 bodi ya 45 inaanza kuwa na maana. Wahandisi wa Lotus, waliotaka gari likimbie kuliko wewe na mimi, walipoitengeneza Elan ya mwanzo yenye injini ya 1,558 walitia venturi za 30 tu. Gari hilo lilipita kilomita 180 kwa saa.

Kutoka kwenye venturi hesabu ya kuanzia ni rahisi. Zidisha kipenyo chake mara nne na utapata jeti kuu: venturi ya 33 hudai jeti ya karibu 130. Jeti ya hewa inayoisawazisha huanza kwa kuongeza 50 juu ya hiyo, yaani 180. Halafu kuna kijimrija chenye vitundu kinachozishika zote mbili, kina herufi F na namba, nacho huchaguliwa kwa ukubwa wa silinda moja. Hayo ni ya kuanzia safari, kinachobaki ni plagi kuonyesha rangi na fundi mwenye subira. Mwenye gari Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko huzidi petroli na jeti kuu ishuke kidogo. Mwenye gari Muscat ana shida nyingine. Kwenye MGB kabureta zimekaa juu ya ekzosi, na joto la Julai likiongezeka petroli huchemka ndani ya bakuli ukisimama kwenye taa. Weka bati la kukinga joto kabla ya kufikiria jeti.

Mambo mawili ya mwisho ambayo wauzaji hawayasemi. DCOE haipendi kutetemeshwa. Injini ya silinda nne ikiitikisa sana, petroli ndani ya bakuli hufanya povu na boya linapoteza kipimo, ndiyo maana hufungwa juu ya oringi laini na washa za springi, nati zikiachwa na ulegevu kidogo. Fundi mgeni akiziona hivyo huzikaza kwa nguvu zote akidhani amekusaidia. Na pampu ya petroli ya kisasa ya umeme ina msukumo mkubwa mno kwake, hivyo funga kipunguza msukumo, usizidi pauni 3 na nusu kwa inchi ya mraba, la sivyo petroli itamwagika juu ya ekzosi na utabaki na picha tu.

Kwenye magari mapya kabureta zilikwisha pale sheria za moshi zilipobana, na sindano za petroli zikachukua nafasi. Mwaka 1986 Fiat iliichukua pia Solex, mpinzani wa miaka mingi, ikaiunganisha na Weber, na baadaye vyote viwili vikaingia ndani ya Magneti Marelli. Mitambo ya kabureta ilipoondoka Bologna mwaka 1992, ilikuwa imepita miaka 69 tangu Weber afungue kiwanda chake, na miaka 47 tangu achukuliwe. Kule Hispania DCOE bado inatengenezwa, 40 na 45, kwa wenye magari ya zamani. Toleo la leo la 40 ni namba 151, na la 45 ni namba 152.